Ngazi Isiyo na Dari: Vyeo na Zawadi katika Gemu za Kufyatuliana Risasi

(Mhadhara wa wazi uliotolewa Ukunda, Kaunti ya Kwale)



Walionialika wameniomba nizungumze juu ya gemu za simu, na nadhani walitarajia nije kuzilaani. Mama mmoja amenisimamisha hapo mlangoni akaniambia, "Mwalimu, leo waambie hawa watoto waache bunduki." Mama yangu, nitaanza na bunduki ili nimalizane nazo.

Humu ukumbini wamo watu waliokuwapo Likoni na Ngombeni mwezi wa Agosti 1997. Usiku wa tarehe 13 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, silaha zikabebwa, na kwa wiki kadhaa baadaye watu waliotoka bara wakawa wanashambuliwa na kuchomewa nyumba upande huu wa kivuko. Tume ya Jaji Akiwumi ilikaa ikasikiliza ushahidi wa mambo hayo. Wakati ule gemu ya bunduki ya kuchezwa kwa simu ilikuwa haijabuniwa popote duniani. Kwa hivyo mtu akiniambia kijana wa Kwale atajifunza kuua kwa kubofya kioo cha simu ya Tecno, namwuliza wale wa 1997 walifunzwa na gemu gani. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, kilipitia tafiti zilizokuwepo, na mwaka 2020 kikasema hakuna ushahidi wa kutosha wa kuzifunga gemu hizi na vitendo vya kikatili. Kilikubali tu kwamba zina uhusiano mdogo na ukali wa kufokeana na kusukumana. Kufokeana kupo, sibishi. Nina jirani.

Sasa tuiweke bunduki chini. Ninachotaka kukizungumza ni ngazi. Mwendee kijana anayecheza Call of Duty: Mobile saa saba ya usiku kule Mwabungo, umwulize anatafuta nini. Hatakwambia anatafuta wa kumwua. Atakwambia amebakiza mechi mbili apande Master. Mwenzake wa Free Fire atasema anaitafuta Heroic, na yule wa PUBG Mobile ana hadithi ndefu ya jinsi alivyofika Ace akaangushwa na mtandao. Hivyo vyote ni vyeo. Kuna mtu aliyekaa ofisini akavipanga, akaamua kila kimoja kipandwe kwa pointi ngapi, kimeremete kwa rangi gani na kifutwe lini. Kazi ya mtu huyo ndiyo mada yangu, na hoja yangu naitoa mapema ili msiisubiri: ngazi hizi zimeundwa zisiwe na mwisho, na vijana wetu wanazipanda kwa bidii kiasi hicho kwa sababu ngazi nyingine zilizo karibu nao zimeng'oka vipandio.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Gemu ya Quake III Arena ya mwaka 1999 haikumwekea mchezaji cheo wala akiba. Kila mtu aliingia uwanjani na bunduki ile ile, silaha nzito zikiwa zimewekwa humo humo uwanjani, na mwenye kuzijua njia ndiye aliyezifikia kwanza. Mechi ikiisha hakibaki kitu ila jina lako juu ya orodha kwa sekunde chache. Mwaka huo huo vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, walianza kugawa bure intanetini gemu yao iitwayo Counter-Strike. Humo unapata pesa kwa raundi moja, unanunulia silaha za raundi ifuatayo, na mechi ikimalizika pesa zote zinayeyuka. Unachoondoka nacho ni mkono uliozoea na jicho lililofunguka.

Battlefield 2 ya mwaka 2005 ilileta kumbukumbu za kudumu, nishani na vyeo vya kijeshi. Lakini iliyogeuza biashara nzima ni Call of Duty 4: Modern Warfare, iliyotoka Novemba 2007, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu karibu kila kitu mnachokiona leo kwenye simu za watoto wenu kilipikwa katika jiko lile.

Ukimpiga adui, kioo kilitoa nambari ndogo: +10. Nambari hiyo ikaingia katika mstari ulio chini ya kioo, mstari ukajaa, ukapanda ngazi, gitaa likalia, ukafunguliwa bunduki mpya au uwezo mpya. Ngazi zilikuwa 55. Za mwanzo zilipandwa mbio, kisha masafa kati ya moja na nyingine yakazidi kurefuka, kwa sababu mgeni akipongezwa mara kadhaa katika saa yake ya kwanza atarudi kesho, na akisharudi kwa siku nyingi hahitaji tena kupongezwa sana. Ndani ya mechi yenyewe mlikuwa na zawadi za aina nyingine. Ukiua watatu bila kufa unapewa ndege ya kuwapeleleza wapinzani. Ukifikisha watano unapewa shambulio la angani. Ukifikisha saba unakuja helikopta inayoendelea kuua kwa niaba yako huku wewe umejificha nyuma ya gari. Aliye mbele anaongezewa nguvu na anayepigwa anazidi kupigwa. Pale uwanjani Ukunda hatuchezi mpira namna hiyo. Timu iliyofunga mabao mawili haipewi mchezaji wa kumi na mbili. Lakini kwa upande wa hisia, mbunifu alijua anachofanya. Mchezaji wa kawaida atapigwa na helikopta za wenzake wiki nzima, na siku moja atapata yake, na siku hiyo moja ndiyo atakayoisimulia.

Kisha ikaja ngazi ya 55, na hapo mbunifu akafanya jambo ambalo mimi naliona la ujasiri kuliko yote. Mchezaji wa PlayStation au Xbox aliyefika juu aliambiwa: ukipenda, turudishie kila kitu ulichokifungua, uanze tena ngazi ya kwanza, nasi tutakubadilishia nembo iliyo kando ya jina lako. Waliiita Prestige, na iliweza kurudiwa mara 10. Ukiipima kwa hesabu, ni hasara tupu. Unatoa bunduki zote, unapewa kipicha. Na watu wakakubali, tena kwa furaha, maana kufikia hapo bunduki zilikuwa zimeshapoteza thamani. Kilichobaki na thamani ni kuonekana, kwamba nikiingia chumba cha kusubiria mechi wageni wote waione nembo yangu kabla hata sijafyatua risasi.

Watu wa pwani hatuna ruhusa ya kuwashangaa. Mwishoni mwa karne ya 19 miji ya pwani hii ilianza kucheza beni: matarumbeta, ngoma kubwa za bendi, magwaride, sare za kushonesha. Ikateremka hadi Tanga na Dar es Salaam, na wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza ikasafiri pamoja na askari na wapagazi hadi Nyasaland na Kongo. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Vyama vilikwenda viwili viwili, kila kimoja na mpinzani wake. Tanganyika walikuwako Marini na Arinoti. Mombasa walikuwako Skochi, waliovaa marinda ya Kiskoti katika joto lile la Mombasa, Mungu awarehemu. Na ndani ya kila chama vilipangwa vyeo vya kijeshi na vya kifalme, kutoka askari wa kawaida hadi majemadari na mfalme. Karani au mpishi aliyeitwa "boi" mchana kutwa, jioni ya ngoma alikuwa jenerali, akapigiwa saluti barabarani. Serikali ya kikoloni iliingiwa na wasiwasi, ikachunguza kama magwaride yale hayakuficha njama.

Cheo cha beni kiligharimu. Kulikuwa na michango, sare, na karamu za kushindana ambamo kila upande ulitaka kumzidi mwenziwe kwa ng'ombe wa kuchinja, na watu wakaingia madeni kwa ajili ya heshima. Kwa hivyo kununua cheo tumekujua zamani. Lakini aliyekupandisha cheo katika beni alikuwa mtu anayekujua, aliyeona ulivyochangia na ulivyocheza, na ambaye angeweza kukuvua cheo kwa tabia mbaya. Na pesa zililiwa pale pale mtaani, kwa wali na nyama. Pesa za Royale Pass, pasi ya msimu ya PUBG Mobile, zinakwenda Shenzhen kwa Tencent. Za Free Fire zinakwenda Singapore kwa Garena. Za Call of Duty: Mobile wanagawana Tencent iliyoitengeneza na Activision yenye jina, na Activision nayo ilinunuliwa na Microsoft mwezi wa Oktoba 2023 kwa karibu dola bilioni 69. Haijarudi hata sahani moja ya pilau Msambweni.

Kutoka kwenye bidii tuingie kwenye bahati. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia B. F. Skinner na mwenzake Charles Ferster waliwapima njiwa kwa maelfu ya saa. Njiwa akijua kwamba kila akidonoa mara kadha wa kadha atapata punje, anadonoa, anapata, anapumzika. Punje ikija bila kutabirika, pengine baada ya kudonoa mara mbili, pengine baada ya mara mia, hapumziki. Kitabu chao kilitoka 1957, na sidhani walimfikiria mtoto yeyote wa Kibundani. Lakini Septemba 2010 kampuni ya Valve iliingiza punje za namna hiyo, masanduku ya zawadi za bahati, katika gemu yake ya Team Fortress 2. Sanduku unaliokota bure unapocheza, lakini limefungwa, na ufunguo unauzwa dola 2.49. Agosti 2013 wakaingiza mtindo huo huo katika Counter-Strike: Global Offensive, na humo sandukuni mna rangi za bunduki, wanazoziita skini. Risasi za bunduki yenye skini zinaua sawasawa na za bunduki isiyo na skini. Hata hivyo zile adimu zinauzwa kati ya wachezaji kwa maelfu ya dola.

Electronic Arts walikwenda mbali zaidi. Novemba 2017, katika Star Wars Battlefront II, waliweka nguvu halisi za mchezo ndani ya masanduku, na mashujaa maarufu wakafungwa nyuma ya saa nyingi za kucheza. Wachezaji waliwaka moto hadi kampuni ikasimamisha mauzo ya ndani ya gemu saa chache kabla gemu haijatoka rasmi. Mwezi wa Aprili 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya gemu kadhaa, Overwatch na Global Offensive zikiwamo, ni kamari kwa mujibu wa sheria yao. Japani ilikuwa imeshaipiga marufuku namna moja ya bahati hizi mwaka 2012, na China tangu 2017 inazilazimisha kampuni zitangaze uwezekano wa kupata kila zawadi.

Na sisi? Sheria yetu ya kamari ya mwaka 1966 ilidumu hadi 2025 ilipopishwa na mpya. Mtoto wa miaka 14 hana ruhusa ya kubeti hapa Ukunda, na mwenye duka anayempokea anajua anavunja sheria. Lakini mtoto huyo huyo akiwa na simu ya mamake na ameshaiona namba yake ya siri, Google Play inapokea M-Pesa, inamuuzia almasi za Free Fire, na almasi hizo anaweza kuzitia katika Luck Royale, ambayo ni bahati nasibu kwa jina na kwa tendo. Shilingi 100, shilingi 200, hazitajwi nyumbani. Waandishi wa kanuni walioko Nairobi wangefanya vyema kuketi jioni moja na kijana wa gredi ya nane awaonyeshe bahati nasibu hiyo inavyozunguka.

Masanduku yalipoanza kuchukiwa, tasnia ilishahamia kitu kingine, na kwa maoni yangu hicho ndicho chenye akili zaidi: pasi ya msimu. Mbegu yake ilikuwa gemu ya Dota 2 mwaka 2013, ikakomaa katika Fortnite, na sasa kila gemu inayo. Unalipa mwanzoni. Halafu hupewi zaidi ya kionjo. Unachopewa hasa ni orodha ya kazi: endesha gari umbali fulani, ua kumi kwa bastola, cheza mechi tano na rafiki, ingia kila siku kwa siku saba. Ukimaliza kazi unapanda kipandio na kupokea zawadi uliyokwisha kuilipia. Usipomaliza kabla ya tarehe ya mwisho, zawadi zinabaki kwao na pesa zinabaki kwao. Hakuna bahati hapo, tume ya kamari haina la kusema, kila kitu kimeandikwa wazi. Kijana mmoja aliniambia, "Mwalimu, nimechoka, lakini lazima nimalize pasi kabla ya Jumatano." Nikamwuliza nani bosi wake. Alicheka, kisha akarudi kazini.

Hawa watu wa Fortnite, Epic Games, walikubali Desemba 2022 kulipa dola milioni 520 katika makubaliano na tume ya biashara ya Marekani, FTC. Dola milioni 245 kati ya hizo zilikuwa za kuwarudishia wateja waliovutwa kununua wasichokusudia, kwa vitufe vilivyopangwa kumtega mtu. Nataja hili kwa wale wanaodhani mambo haya ni uvivu wa watoto. Upande wa pili wa kioo wamekaa watu wazima, wenye shahada, wanaopima ni kitufe kipi kibofywe kwa makosa.

Bado hatujagusa ustadi, na vijana waliojipanga kule ukutani karibu na soketi za stima wamekunja uso tangu nilipotaja njiwa. Wanataka kuniambia kwamba ranki ni halali, kwamba aliyefika cheo cha Legendary amefika kwa mkono wake. Wana hoja, lakini nusu.

Mfano wa upimaji wa haki tunao kutoka kwenye chesi. Arpad Elo, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, alitunga hesabu ambayo shirikisho la chesi la Marekani liliipokea mwaka 1960 na FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ikaifuata 1970. Ukimshinda mtu unachukua pointi kwake. Ukimshinda aliyekuzidi unachukua nyingi, ukimshinda dhaifu unachukua kidogo. Hakuna anayepanda bila mwingine kushuka. Halo 2 ya mwaka 2004 ilijaribu jambo la namna hiyo kwa gemu za risasi, ngazi 1 hadi 50, na watu walishushwa bila huruma. Kiwango kikawa cha kweli, na kikawa kichungu.

Gemu za simu zimeuondoa uchungu huo. Kijana aliyepakua PUBG Mobile leo pale Msambweni ataingia mechi yake ya kwanza, ataua wengi, pengine atakuwa wa mwisho kubaki hai, na atawapigia wenzake simu usiku huo huo. Wengi wa aliowaua ni boti, programu zinazojifanya watu, zinakimbia ovyo na kulenga vibaya kwa makusudi. Vyeo vya chini vimejaa boti. Isitoshe pointi zinatolewa pia kwa kudumu tu, kwa hivyo yuko aliyepanda hadi Platinum kwa kulala ndani ya kichaka. Kwa bidii ya kawaida na bando ya kutosha mtu atapanda. Kinachotofautiana ni muda. Huko juu kabisa mambo yanabadilika: Conqueror ya PUBG Mobile ni ya wachezaji 500 wa juu katika kila kanda ya seva, na hapo huingii kwa kujificha. Huyo namvulia kofia. Lakini msimu ukiisha naye anashushwa, na anaanza kupanda tena.

Halafu kuna umbali. Nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009, na intaneti yetu ilipata nafuu kubwa. Hata hivyo mitambo ya gemu hizi haiko hapa. Kijana wa Gazi akibofya, amri yake inapita baharini hadi nchi nyingine na kurudi, na mpinzani aliye karibu na mtambo ameshafyatua. Mwezi wa Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini, wachezaji wa huku walishuka vyeo kwa kosa la nyaya za chini ya bahari. Mkikutana na mchezaji wa Kwale mwenye ranki sawa na wa Dubai, mjue huyu wetu amelipa zaidi.

Na nani anakupangia mpinzani? Oktoba 2017 ilijulikana kwamba Activision imepewa hataza ya mfumo wa kupanga wachezaji kwa namna ya kuwachochea kununua: mgeni anawekwa uwanjani pamoja na stadi mwenye bunduki iliyonunuliwa, ili apigwe nayo, aitamani; na akishainunua awekwe katika mechi ambayo bunduki hiyo itamfaa, ili aone hakupoteza pesa. Activision walisema hawajautumia mfumo huo katika gemu yoyote. Nami nawachukua kwa neno lao. Lakini waliuwaza, wakauandika, wakawalipa mawakili. Mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ilichapisha majaribio yake: walipolegeza kulinganisha wachezaji kwa ustadi, asilimia 90 ya wachezaji walipungua kurudi, wakabaki wakifurahi wale wa juu kabisa. Hapo naona jambo ambalo wazazi hawalioni. Kupangiwa na saizi yako ni hisani, ni ulinzi kwa mnyonge, na ni mtego vile vile, maana ukishinda nusu na kushindwa nusu hutaondoka leo wala kesho.

Sasa niwarudishe hapa nyumbani, kwenye zile ngazi zilizong'oka vipandio. Kampuni ya madini ya Base Titanium ilisafirisha shehena yake ya kwanza kutoka Likoni Februari 2014 na ikaacha kuchimba Desemba 2024, madini ya kuchimbika yalipoisha. Kijana aliyeingia kule kama kibarua akajifunza mtambo alikuwa na ngazi, nayo ikaondolewa na yeye amesimama katikati. Hoteli za Diani, wageni wakija zinaajiri, na mvua za masika zikishuka zinapunguza watu. Mhudumu wa mezani anaweza kuwa mhudumu wa mezani kwa mwaka wa nane, akianza upya kila Julai. Aliye na cheti anaambiwa alete uzoefu. Hapana mahali ambapo kioo kinamwambia: umebakiza asilimia 14 upande.

Tena angalieni ngazi anazoonyeshwa kila siku kwenye simu hiyo hiyo. M-Shwari ilikuja Novemba 2012, Fuliza Januari 2019, na pamoja nazo msururu wa programu nyingine za mikopo. Zote zina limiti, na limiti inapanda ukikopa na kulipa, ukikopa na kulipa. Nimemsikia mtu wa boda pale steji ya Ukunda akitangaza kwa majivuno kwamba limiti yake imepandishwa. Amepandishwa cheo cha kudaiwa! Mantiki ni ile ile ya Call of Duty 4: kipimo kinachoonekana, hatua ndogo inayofuata, na sifa kwa kurudi kesho. Tofauti ni kwamba gemu ikimfilisi mtu humfilisi polepole zaidi. Kwa hiyo mzazi anayemnyang'anya mwanawe simu na kuendelea kuisukuma Fuliza yake mwenyewe, mimi sijui nimwanzie wapi.

Mnaniuliza mfanye nini. Kwa wazazi nina mambo machache ya kawaida. Fungueni Google Play, wekeni nenosiri kwa kila ununuzi, badilisheni namba ya siri ya M-Pesa ambayo mtoto alishaijua zamani. Kisha kaeni naye mechi moja mtazame, mumwulize cheo chake kimepatikana kwa nini, kwa ustadi, kwa muda au kwa pesa. Watoto wanaijua tofauti hiyo kuliko sisi, na wanamdharau kimyakimya mwenzao aliyenunua. Kwa vijana naomba jambo moja tu: msimu mmoja msinunue pasi, mcheze mechi mnazotaka na kuacha mnapotaka, muone ni nani kati yenu bado anapenda gemu yenyewe.

Na kwa viongozi wa kaunti na wenye saiba waliomo humu, nina pendekezo. Counter-Strike 1.6 ni ya mwaka 2003. Inakwenda kwenye kompyuta kuukuu, na mashine zikiungwa kwa nyaya ndani ya chumba kimoja haihitaji intaneti kabisa, kwa hivyo kijana wa Lunga Lunga na wa Diani wanapiga kwa kasi moja. Kila mmoja anaanza na bastola, kisu na dola 800 za mchezoni, awe mtoto wa nani. Hakuna skini, hakuna pasi, hakuna boti. Watano kwa watano ni kompyuta kumi, na mwamuzi mmoja anayejua kusema hapana. Waje wa Kinango, waje wa Vanga, wasichana kwa wavulana, na atakayeshinda tumwone kwa macho yetu akishinda. Kompyuta hizo zipo katika saiba mbili za hapa barabarani. Kilichobaki ni kuelewana na wenyewe juu ya bili ya stima, na mmoja wao namwona ameketi safu ya tatu, anaangalia chini.